Barua ya Marehemu ni Mali ya Nani?



Katika vijiji vyetu, ajuaye kusoma huitwa mara nyingi na jirani asiyejua. Mama mzee amepata barua ya mwanawe aliye kazini Lubumbashi. Humpa kijana bahasha, naye humsomea. Hivyo kijana yule ajua madeni ya nyumba ile, magonjwa yake na ugomvi wake. Je, maneno yale yamekuwa mali yake? Sivyo. Amemwazima mama macho yake tu. Siri imebaki ya mama.

Hilo ni jepesi kulifahamu. Lakini tuulize neno lililo zito zaidi: mwandishi akiisha kufa, je, ni halali kusoma barua zake?

John Keats alikuwa mshairi wa Uingereza. Alikufa kwa kifua kikuu mjini Roma tarehe 23 Februari 1821, umri wake miaka 25. Barua za mchumba wake, Fanny Brawne, zilipomfikia kitandani, hakuweza kuzifungua, kwa maana zilimzidishia uchungu. Akaomba azikwe nazo, na rafiki zake wakalitimiza ombi hilo. Lakini barua alizoandika Keats mwenyewe zilibaki kwa Fanny, naye akazitunza mpaka alipokufa mwaka 1865. Mwaka 1878 zikachapishwa, na mwaka 1885 zikauzwa mnadani London. Wengi walichukizwa kuona maneno ya mchumba yamewekwa sokoni.

Mtu atasema: «Marehemu haoni haya. Tena barua zile zimefundisha wengi.» Ni kweli, haoni haya. Lakini mbona twashika wasia wa baba, ingawa hawezi tena kutuadhibu? Kwa sababu neno la mtu halifi pamoja naye. Na asiyeweza kujitetea ndiye tunayepaswa kumtendea haki kwa uangalifu zaidi. Kwa hiyo rafiki za Keats walitenda vema. Wangaliweza kuzifungua barua zile bila mtu kuwashtaki, wala hawakuzifungua.

Je, basi barua zote za marehemu zichomwe moto? Hapana. Shaaban Robert, mshairi mkuu wa Kiswahili aliyezaliwa karibu na Tanga, alikuwa akimwandikia nduguye Yusuf Ulenge. Barua zake za miaka 1931 hadi 1958 zilitolewa kuwa kitabu huko Dar es Salaam mwaka 2002, yaani miaka 40 baada ya kifo chake. Tuliyemjua kwa mashairi ya maonyo twamwona humo kama ndugu kati ya ndugu zake. Faida hiyo si ndogo: twajifunza kwamba mwenye hekima naye hubeba mzigo wa kila siku.

Tena ziko barua ambazo mwandishi mwenyewe ameziacha wazi. Patrice Lumumba alimwandikia mkewe Pauline barua ya mwisho alipokuwa kifungoni Thysville. Akauawa karibu na mji wetu, ulioitwa wakati ule Elisabethville, tarehe 17 Januari 1961. Barua ile ni ya mke. Lakini yasema pia juu ya nchi nzima na siku zake zijazo. Asemaye na taifa kwa kinywa cha nyumba yake hakufunga mlango.

Basi, ukipata barua za marehemu sandukuni, au maneno yake katika simu, jiulize mambo matatu. Kwanza: je, mwenyewe aliomba zifungwe? Kama ndivyo, zifunge. Pili: je, yuko mtu aliye hai atakayeaibishwa? Kama yuko, umwulize kwanza. Tatu: je, nataka kujifunza, au nataka habari ya kupeleka kisimani? Hilo la tatu hakuna awezaye kulijibu kwa ajili yako. Nawe ujibu kabla ya kufungua bahasha.