Kamba ya Kilebu

Msomaji kijana, watu wengi hudhani kwamba maswali makubwa ya wema na ubaya hupatikana katika mambo makubwa tu, kama vita, serikali na mali. Aghalabu hupatikana katika mambo madogo yapitayo mbele ya macho yetu kila siku. Kijana aongozaye mtoto wa mbwa, yaani kilebu, kando ya barabara, ameshika mkononi swali ambalo wenye hekima wamelibishania tangu zamani: je, ni haki kumnyima kiumbe uhuru wake kwa ajili ya faida yake mwenyewe?

Kwanza na tuitazame barabara. Barabara itokayo Kitale hupita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu mpaka Webuye, na huko hukutana na barabara kuu iendayo Bungoma na Malaba, ipitishayo bidhaa za Mombasa kwenda Uganda. Malori, matatu na bodaboda hufuatana juu yake, na wakati wa mavuno huongezeka mizigo ya mahindi. Kando yake hupita wanafunzi, watu waendao sokoni, ndama na mbwa. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, ambao ndio upeo wa mwendo halali mijini, hukata karibu mita 14 kila sekunde. Liendalo kilomita 80 hukata mita 22. Dereva mwangalifu huhitaji kama sekunde moja kuiona hatari na kufikisha mguu kwenye breki. Basi kilebu akiruka barabarani mita 10 mbele ya gari, mambo yamekwisha kabla breki haijaguswa. Hapo wema wa dereva haufai kitu. Hufaa lile tu lililofanywa kabla.

Kilebu haijui hesabu hii. Akimwona kuku ng'ambo ya pili humkimbilia. Akisikia honi hushtuka, na huenda akakimbilia palepale penye hatari. Kimo chake ni kifupi hata dereva wa lori, aketiye juu, huweza asimwone kabisa akiwa karibu. Ana miguu ya kumpeleka, lakini hana maarifa ya kumrudisha.

Wako wasemao kwamba mbwa wa kwetu hawafungwi kamba, na hata hivyo wanaishi. Hoja hii ina kasoro. Mbwa uwaonao wakivuka barabara kwa werevu mjini Bungoma ni wale waliosalia. Waliokufa wangali wachanga hawasimami kando ya njia kutoa ushahidi. Mtu ahesabuye waliopona tu, kila hatari huiona ndogo.

Wengine husema kwamba ajali haina kinga. Ni kweli kuwa hapana kinga iwezayo kuzuia kila ajali. Lakini si kweli kuwa hapana ajali iwezayo kuzuiwa. Methali hii humfaa aliyefanya yote aliyoweza, kisha akapatwa, humfariji. Haimfai aliyekaa bure. Kabla mtu hajasema kwamba kinga haikuwapo, ajiulize kama aliitafuta.

Tena msiba wa kilebu haukomi kwa kilebu. Mwendesha bodaboda akimgonga huweza kuanguka pamoja na abiria wake. Dereva wa matatu akimkwepa huweza kuacha njia na kuwaendea watu. Na mtoto ampendaye huweza kumfuata katikati ya barabara bila kutazama huku wala huko. Amwachiaye kilebu penye magari hutoa uhuru ambao gharama yake hulipwa na watu asiowajua, na ambao hawakuulizwa.

Hata hivyo, hoja ya uhuru tusiipuuze. Katika Kitale husimuliwa habari za duara la mawe, karibu na klabu ya mji, ambamo mateka walifungwa zamani za misafara ya watumwa iliyoelekea pwani. Simlinganishi mwanadamu na mbwa; nayalinganisha makusudi ya mikono ishikayo kamba. Kila mdhalimu huweza kudai kwamba amemfunga mwenziwe kwa faida ya yule aliyefungwa. Basi tutaitambuaje kamba ya hifadhi na kamba ya dhuluma?

Kamba ya hifadhi huifuata hatari: hufupishwa penye magari, hurefushwa malishoni, na hufunguliwa ndani ya ua. Kamba ya dhuluma haina mahali pa kufunguliwa. Mbwa afungwaye mtini mchana kutwa, bila maji wala kivuli, haepushwi na gari lolote. Anateswa, na sheria ya Kenya, Sura ya 360, inakataza ukatili kwa wanyama. Vilevile kamba ya hifadhi hukua pamoja na afungwaye. Ukanda wa shingoni uliomtosha kilebu mwezi uliopita huanza kumkaba mwezi huu, na ukisahauliwa huweza kuikata ngozi na kuzama nyamani. Vidole viwili vipite kati ya ukanda na shingo, visipopita, ulegezwe. Mlezi asiyeukagua huigeuza hifadhi kuwa jeraha, na nia yake njema haiponyi kidonda.

Lakini alama kubwa kuliko zote ni hii: kamba ina ncha mbili. Moja i shingoni mwa kilebu, na ya pili i mkononi mwako. Umemfunga, naye amekufunga. Penye barabara isiyo na njia ya miguu, yakupasa utembee upande wa kulia, magari yakikujia usoni, na kilebu awe kuliani kwako, mbali nayo. Shika kamba fupi kwa kiganja kizima. Usiizungushe vidoleni, maana mvuto wa ghafla huweza kuvunja kidole. Simu ikae mfukoni. Kamba usimpe mtoto mdogo asiyeweza kumzuia mnyama. Kila ufikapo pa kuvuka, simama, hata kama barabara ni tupu, ili kusimama kuwe tabia ya kilebu. Samaki mkunje angali mbichi. Akiponyoka, usimkimbize kuelekea barabarani. Chutama upande wa salama umwite kwa sauti ya upole, kwani akimbizwaye hukimbia zaidi.

Siku ya kwanza kilebu atalia, ataitafuna kamba, na atakutazama kama mtu aliyeonewa. Usiifungue kwa sababu hiyo. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Huruma imwepushayo mnyama na karaha ya leo, ikamkabidhi kwenye magurudumu ya kesho, haistahili jina la huruma.

Nawe, msomaji, una kamba zako: amri za wazazi, kanuni za shule na sheria za nchi. Zipime kwa alama zizi hizi. Uliza kama zinafuata hatari ya kweli, kama zinalegezwa kadiri akili yako ikuavyo, na kama aliyezishika naye amefungwa nazo. Ukiona ni hivyo, zivumilie. Uzipime kwa uaminifu, kwa maana siku zako za kushika kamba za wengine ziko karibu, na walioshikwa nao watakupima wewe.