Ujira Haununui Sikio

Yajulikana kwa wote ya kuwa kelele za mitambo huharibu masikio. Lakini wako wafanyakazi wanaopotewa na usikivu kwa njia nyingine isiyo na kishindo, nayo ni dawa za viwandani. Tolueni iliyomo katika rangi, gundi na wino, stireni itumikayo kuundia mashua za plastiki, hata risasi na zebaki, zote zaweza kuleta madhara hayo. Mtu huvuta mvuke au vumbi lake, na nyingine hupenya katika ngozi. Kisha huchukuliwa na damu hata sikio la ndani, penye chembe ndogo mno zipokeazo sauti. Chembe hizo zikifa hazioti tena. Pengine hudhurika njia za fahamu ziendazo kwenye ubongo. Hapo mtu husikia sauti, asipambanue maneno, na watu wa nyumbani hudhani kwamba awadharau.

Dawa na kelele zikikutana, hatari huzidi. Mwaka 1993 Thais Morata na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa uchapaji na utengenezaji wa rangi huko Brazil. Wakilinganishwa na watu wasiopatwa na kelele wala dawa, hatari ya kupungukiwa usikivu ilikuwa mara 4 kwa waliopatwa na kelele peke yake, na mara 11 kwa waliopatwa na kelele pamoja na tolueni.

Basi twauliza, ni nani atakayejibu juu ya hasara hiyo? Wako wasemao, "Mtu huyo aliitaka kazi mwenyewe, akapokea mshahara wake." Jibu hilo halitutoshi. Kwanza, hawezi mtu kukubali hatari asiyoambiwa. Pili, mwenye watoto wenye njaa hana nafasi kubwa ya kukataa. Tena, ujira ni malipo ya nguvu, na nguvu iliyotumika mchana hurudi kwa chakula na usingizi. Sikio halirudi, wala hakuna mshahara uliopimwa kwa bei yake.

Wengine hujitetea kwamba wamegawa vizibo vya masikio. Vyema, navyo vyapunguza kelele. Lakini mvuke hupita puani na katika ngozi. Yafaa kutafuta dawa isiyo kali, kufunika makopo, kupitisha hewa safi, kutoa glavu na vifuniko vya pua viwezavyo kuzuia mvuke wenyewe, na kupima masikio ya watu mara kwa mara.

Twajua kwamba karakana ndogo haina fedha nyingi. Hata hivyo, kufanyia kazi ya rangi mahali pa wazi hakuhitaji mtaji mkubwa. Nao ndugu zetu wafanyakazi wana wajibu wao: wasinawe mikono kwa dawa ya kuyeyushia rangi, wala wasizidharau glavu walizopewa. Wakienda kwa daktari, wamweleze wanachoshika kazini.

Lakini wajibu wa kwanza ni wa tajiri, kwa kuwa yeye ndiye anunuaye dawa na kupanga kazi. Asipowaambia watu wake kilichomo ndani ya pipa, amekwisha kuwadhulumu kabla ya siku ya mshahara kufika.