Mazoezi Si Kitubio

Mwislamu wa Makina, mtaa wa Wanubi ndani ya Kibera, Nairobi, akijifungua huondolewa swala. Haambiwi aziswali akiwa ameketi, wala hatazilipa baadaye. Deni la saumu ya Ramadhani hubaki, la swala halipo. Kipindi hicho cha nifasi mara nyingi huhesabiwa siku 40, na katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Kenya, upeo wake ni siku 60. Sababu ya kisheria ni tohara, si uchovu. Hata hivyo mgongo uliokuwa ukiinama na kusujudu mara tano kwa siku hupata likizo, na likizo hiyo haikutoka kwa mwajiri.

Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 12, kina hesabu inayofanana nayo: siku 40 kwa mama aliyezaa mwana, 80 kwa aliyezaa binti. Pwani, mzazi hukaa arobaini, hukandwa kwa maji ya moto na kufungwa tumbo kwa mkaja. Waswahili waliuheshimu mkaja huo kiasi cha kuutaja siku binti anapoolewa: mama ya bibi harusi hupewa kitu chake, mbali na mahari, kwa ajili ya kitambaa alichojifunga alipomzaa. Jamii nzima ilikiri kwamba mwili wa mama uligharimika. Nako Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, kwenye nyumba za Wakikuyu, mgeni anayekuja kuona mtoto hutarajiwa kumletea mama uji, na njahi haikosi sufuriani.

Halafu linakuja swali la kilo.

Nairobi haina msimamo mmoja kuhusu mwili wa mama. Akikonda upesi baada ya kuzaa, majirani watauliza kama bwana anamlisha, au watanong'ona kuhusu ukimwi. Akinona atasifiwa kwamba uzazi umemkubali. Miezi sita ikipita, sifa hugeuka kuwa utani, na utani kuwa lawama: mbona bado una tumbo, kwani kuna mwingine humo? Hapo ndipo mazoezi hutajwa, na hutajwa kama padri anavyotaja kitubio. Umekosa, kwa hiyo kimbia.

Mzizi wa fikra hiyo ni wa kale. Mwishoni mwa karne ya 6, Papa Gregori Mkuu aliuweka ulafi katika orodha ya dhambi kuu, na tangu hapo kiuno kinene kimekuwa rahisi kusomwa kama ushahidi wa roho legevu. Paulo naye anatoa kauli mbili ambazo wahubiri huzichagua kulingana na siku: kwa Wakorintho mwili ni hekalu, kwa Timotheo mazoezi ya mwili yana faida kidogo tu. Mama wa Kianda, Kibera, anayesikia la kwanza Jumapili hii na la pili Jumapili ijayo hana kosa akirudi nyumbani amechanganyikiwa.

Ukweli wa kitabibu unaweza kumpunguzia mzigo. Mwaka 2013 mtandao wa Cochrane ulichapisha mapitio ya majaribio kuhusu kupunguza uzito baada ya kujifungua. Takwimu zilitoka kwa wanawake 910. Waliopangiwa chakula, na waliopangiwa chakula pamoja na mazoezi, walipungua kuliko wenzao walioachwa na huduma ya kawaida. Waliofanya mazoezi peke yake hawakuonyesha tofauti ya maana, ingawa majaribio ya kundi hilo yalikuwa machache na madogo. Kwa hiyo anayemwambia mama akimbie ili akonde, bila kugusa kilicho sahanini, anamwahidi kitu ambacho hakijathibitishwa.

Kinachojulikana ni kwamba kutembea na kunyoosha viungo huimarisha moyo, huleta usingizi, hupunguza huzuni inayowavamia wazazi wengi, na hakuharibu maziwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki baada ya uzazi, yaani nusu saa kwa siku tano, kama hakuna kizuizi cha kiafya. Misuli ya nyonga inayoshikilia kibofu, ambayo daktari Mmarekani Arnold Kegel aliiandikia mazoezi yake mwaka 1948, inaweza kukazwa na kulegezwa mama akiwa ameketi kitandani ananyonyesha. Haihitaji jimu wala viatu, na hata jirani wa nyuma ya ukuta wa mabati hatajua.

Na sahani? Utafiti wa idadi ya watu na afya wa Kenya wa 2022 ulikuta wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi. Hao si wa Lavington, mtaa wa matajiri, peke yao: utafiti wa kituo cha APHRC katika mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani uliwakuta zaidi ya wanne katika kila kumi. Mwenye shilingi hamsini mchana hununua kinachoshibisha: chapati, mandazi, chipsi za kando ya barabara, mafuta ya kupima. Kumhukumu kwa ulafi ni kutojua bei ya matunda Toi Market.

Lakini swali gumu zaidi liko kwenye mtungi. Mama aliyejifungua kwa upasuaji huambiwa, anaporuhusiwa kutoka hospitalini, asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake kwa wiki kadhaa. Mtoto ana kilo tatu na kidogo. Akifika nyumbani Gatwekera, Kibera, maji yako kwenye kibanda cha muuzaji, na mtungi wa lita 20 ukijaa una kilo 20. Huushika mpini kwa mkono mmoja, huegemea upande wa pili kama mlingoti uliopinda, akaruka mtaro, akapinda kona, akauweka chini mlangoni na kushika kidonda. Je, hayo ni mazoezi?

Moyo wake ulidunda na misuli ikafanya kazi. Kwa hesabu ya mwili, jibu ni ndiyo. Lakini mwanafalsafa Hannah Arendt, katika kitabu chake cha 1958 kuhusu hali ya mwanadamu, alitenga kazi inayofanywa ili maisha yasikatike na tendo ambalo mtu huanzisha kwa hiari yake. Mtungi uko upande wa kwanza. Mama fua wa Kawangware anayepanda Gitanga Road alfajiri, akafika Lavington na kuinama juu ya beseni la mashuka, huenda amesogeza mwili kuliko mwajiri wake anayelipia mashine ya kutembea isiyofika popote. Hata hivyo mwajiri huacha anapochoka; mama fua haachi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi mwanamke miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Kibarua wa siku, anayelipwa akishaanika nguo, huipata likizo hiyo kwa nadra.

Ndiyo maana kumhubiria mazoezi mama wa Kibera bila kuuliza nani atateka maji ni kumwongezea mzigo kwa jina la afya. Na kumwambia kwamba mtungi unatosha ni dhuluma ya aina nyingine, kwa sababu inamnyima kitu ambacho mwenzake wa Lavington anakihesabu kuwa haki: nusu saa ambayo mwili wake haumtumikii mtu.

Kuna watakaosema nusu saa ya peke yako ni ubinafsi wa kizungu. Mwanateolojia John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba mtoto ni wa jamii, si wa mama peke yake. Hoja hiyo ikichukuliwa kwa uzito inamtetea mama. Kama mtoto ni wa wote, basi uchovu wa kumzaa nao ni wa wote, na jamii inayodai mtoto bila kubeba mtungi imechukua nusu ya mapokeo iliyo rahisi.

Chama kinachopanga kwenda kuona mtoto Gatwekera, au Gatina kule Kawangware, wiki hii kipeleke unga na sukari kama kawaida. Kisha kipange zamu: mmoja ateke mitungi miwili, mwingine amshike mtoto kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa kumi na moja na nusu, na mama akitaka kutembea atembee, akitaka kulala alale. Nao waume wajiandikishe kwenye zamu hiyo.