Mgeni Aliyekuja na Sura Yake ya Zamani

Tarehe 26 Machi 2006 kituo cha runinga cha Fox, Marekani, kilionyesha sehemu ya 15 ya msimu wa 17 wa The Simpsons, katuni ya vichekesho kuhusu familia yenye ngozi ya manjano katika mji wa kubuni wa Springfield. Mgeni wa sehemu hiyo, iliyoitwa Homer Simpson, This Is Your Wife, alikuwa Ricky Gervais, mchekeshaji wa Uingereza. Hakuishia kumpa sauti mhusika mmoja tu. Jina lake liliandikwa pia kuwa ndiye mwandishi. Watazamaji waligawanyika. Wapo waliofurahia kusikia ucheshi wa namna nyingine katika kipindi kilichokuwa hewani tangu Desemba 1989, na wapo waliolalamika kwamba mgeni ameiteka nyumba ya watu. Mgawanyiko wa aina hii ni wa kawaida, na kwa kawaida huachwa hapo, kwa maneno kwamba kila mtu ana ladha yake. Lakini jibu hilo linafunga mlango mapema mno. Kabla ya kukubali kwamba watu wametofautiana ladha, lazima ijulikane kwanza kama walionja kitu kimoja.

Kisa chenyewe ni chepesi. Homer, baba wa familia hiyo, ameitamani runinga ya plasma hadi kukosa usingizi, na tamaa hiyo inaiingiza familia katika kipindi cha kubadilishana wake ili kupata fedha. Mkewe, Marge, anapelekwa kwa Charles Heathbar, ambaye Gervais ndiye sauti yake, Mwingereza anayeishi chini ya amri za mke mkali aitwaye Verity, na Verity anahamia kwa Homer. Charles hajazoea kutendewa wema nyumbani kwake. Anampenda Marge, na siku moja anashika gitaa na kumwimbia wimbo wa mapenzi. Wimbo ni mbovu, vina vyake vinaburutwa kama mzigo, naye muimbaji anaamini kabisa kwamba anagusa moyo. Marge amekaa kimya. Hawezi kucheka wala hawezi kuondoka.

Ugomvi wote wa watazamaji umo katika tukio hilo la gitaa. Aliyewahi kuitazama The Office, tamthilia ambayo Gervais aliitunga pamoja na Stephen Merchant na ambayo BBC ilianza kuirusha mwaka 2001, anamjua mtu huyu. Ni David Brent, meneja wa kampuni ya karatasi anayedhani anapendwa na wafanyakazi wake, ambaye naye alikatiza mafunzo ya kazini ili awapigie gitaa. Mtazamaji anayemjua Brent anasikia sauti mbili kwa pamoja, Charles akiimba mbele na Brent akiimba nyuma yake. Asiyemjua anamsikia Charles peke yake, na Charles peke yake ni mtu asiye na historia, anayechukua dakika nyingi za kipindi kifupi. Mwaka 2006 watazamaji wa namna zote mbili walikuwa wengi Marekani. The Office ya Uingereza ilikuwa imeshinda tuzo za Golden Globe mwaka 2004, lakini wengi waliijua ile ya Kimarekani tu, iliyoanza 2005 huku Steve Carell akiwa meneja.

Ili kuona kwa nini jambo hili lina uzito, inafaa kutazama namna wageni wanavyoingia katika katuni. Mwigizaji wa katuni huvuliwa mwili wote, uso, mikono na mwendo, na kuachiwa sauti tu, kisha sauti hiyo hupewa mwili mwingine uliochorwa. Kwa hiyo mgeni ana njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni kujificha. Dustin Hoffman alipoingia mwaka 1991 kuwa Bwana Bergstrom, mwalimu wa muda anayemfungua macho Lisa, binti wa Homer, hata jina lake halikuandikwa. Aliandikwa kwa jina la kubuni, Sam Etic, na wengi wanamkumbuka mwalimu bila kumfikiria mwigizaji. Albert Brooks, mchekeshaji kama Gervais, alijificha vivyo hivyo mwaka 1996 nyuma ya Hank Scorpio, tajiri mkarimu mwenye njama ya kuiteka dunia. Njia ya pili ni mgeni kuja kwa jina lake mwenyewe, kama Lady Gaga mwaka 2012, katika sehemu iliyokosolewa vikali kwa sababu mji mzima ulisimamishwa ili umsifu yeye. Anayejificha anahukumiwa kwa mhusika wake. Anayekuja kwa jina lake anahukumiwa kwa ukarimu aliofanyiwa, kama ulizidi au haukuzidi.

Gervais hakufuata njia yoyote kati ya hizo. Alikuja na barakoa, lakini barakoa iliyokwisha kuvaliwa, ambayo watu walimfahamu kwayo kuliko walivyoufahamu uso wake. Kwa hiyo watazamaji hawakuwa na kipimo kimoja cha kumhukumia. Je, Charles ni mhusika mpya dhaifu, au ni Brent aliyepakwa rangi ya manjano? Maswali yote mawili ni halali, na majibu yake yanaweza kuwa kinyume bila yeyote kukosea.

Mwanafalsafa wa Uskoti David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha ladha, alisimulia tena kisa kinachotoka katika riwaya ya Don Quixote. Ndugu wawili waliombwa kuonja mvinyo wa pipa moja. Wa kwanza akasema ni mzuri, ila una kaladha ka ngozi. Wa pili akasema ni mzuri, ila una kaladha ka chuma. Wakachekwa wote wawili. Pipa lilipomwagwa, chini yake ukakutwa ufunguo wa kale uliofungwa kwa kamba ya ngozi. Hume alitaka kuonyesha kwamba ladha nyembamba inaona kitu kilichomo kweli, na kwamba mabishano ya uzuri hayaelei hewani.

Kisa hicho kinafaa hapa, lakini hakifiki mwisho wa safari. Ndugu wale walikubaliana kwamba ufunguo haukupaswa kuwamo katika pipa. Katika suala la Gervais, ufunguo ulitiwa kwa makusudi. Aliyefurahi na aliyechukia wote waliionja ngozi ileile, yaani haya ya Kiingereza, ukimya unaorefushwa, mtu anayejiaibisha bila kujua. Mmoja aliinywa kwa sababu ya ladha hiyo, mwingine aliitema kwa sababu hiyohiyo. Ubishi wao basi ulihusu pipa ni la nini, si kilichomo ndani, na ubishi wa namna hiyo hauishi kwa kulimwaga pipa.

Vipindi hivi viwili vina mwendo tofauti kabisa, na hilo haliwezi kupuuzwa. The Simpsons ni ya mbio: mzaha haujatua, mwingine umefika, picha inakatizwa na nyingine. The Office ilipigwa kama filamu ya kumbukumbu. Kamera inamtazama mtu aliyesema upuuzi, inaendelea kumtazama, na kicheko kinazaliwa katika zile sekunde ambazo hakuna anayesema neno. Kicheko cha aina hiyo kinahitaji muda, na kinahitaji uso wa nyama. Kinakaa katika kope inayotetemeka, katika tabasamu linalokatika kabla halijakamilika. Uso wa katuni ni macho mawili ya duara na mistari michache, hauwezi kubeba vitu vidogo hivyo. Gervais alileta ucheshi wa ukimya katika nyumba isiyojua kunyamaza, na ndiyo maana aliyeuona wimbo kuwa mrefu hakuwa mvivu wa kuelewa. Alikuwa mwaminifu kwa mwendo aliouzoea kwa miaka 16.

Na usiku huohuo kulikuwa na jambo jingine ambalo halijapewa uzito linaostahili. Utangulizi wa kipindi haukuwa wa michoro. Ilitumika filamu iliyotengenezwa Uingereza kwa ajili ya kukitangaza kipindi katika kituo cha Sky One, ambamo watu wa nyama na damu wanaiga kila tukio la utangulizi, ubao wa shuleni, ubao wa kuteleza wenye magurudumu, mbio za kuwahi kochi. Hivyo kabla mtu wa kweli hajageuzwa mchoro, michoro iligeuzwa watu. Mpaka kati ya mji wa Springfield na dunia ya nje ulikuwa umeshalegezwa kabla Charles hajatamka neno. Kwa mtazamaji anayependa Springfield kama mahali, penye watu na kanuni zake, huo ulikuwa uvamizi uliofanywa mara mbili katika nusu saa. Kwa anayeipenda kama jukwaa lililo wazi kwa yeyote mwenye kipaji, ilikuwa karamu.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na husema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali ya kwanza inautazama ugeni kama baraka kwa mwenye nyumba. Ya pili inakumbusha kwamba anayekaa lazima alime. Gervais alikabidhiwa jembe mlangoni, lakini shamba hakulilima peke yake. Yeye mwenyewe alieleza hadharani kwamba alichotoa ni mawazo, na kwamba waandishi wa kudumu wa kipindi ndio walioyapa umbo la The Simpsons. Hapo hata lawama ya kuteka nyumba inapoteza miguu. Kama wenyeji waliandika kwa mikono yao, basi walimwiga mgeni ndani ya nyumba yao kwa hiari, kwa kumpenda.

Gervais alirudi Springfield Februari 2011, katika Angry Dad: The Movie. Safari hiyo alikuja kwa jina lake, bila gitaa na bila Brent, katika kisa cha sherehe za tuzo, mwezi mmoja tu baada ya kuongoza sherehe za kweli za Golden Globe.