Mbwa Akizeeka, Amana Imekwisha?

Ndugu zangu katika imani, sheria imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba. Je, akizeeka, asiweze tena kulinda, tumtupe barabarani? Wapo wanaofanya hivyo, wakisema mbwa ni najisi.

Hapo wanachanganya mambo mawili. Twahara ni wajibu wetu: kwa madhehebu ya Imam Shafii, chombo alichoramba mbwa huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Huruma ni haki yake. Katika hadithi ya Bukhari na Muslim, mtu alishuka kisimani, akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, naye akasamehewa. Mbwa yule hakuwa amemlindia chochote. Na mwanamke aliyemfungia paka aliadhibiwa kwa kuwa hakumlisha wala hakumwacha akajitafutie. Mbwa mzee, hata ukimwachia, hawezi tena kujitafutia.

Wa kwetu nyumbani amelinda mbuzi miaka 11. Sasa meno hana. Nampenda, na sioni haya kusema. Namwekea uji nje, nanawa, natawadha, naswali. Kazi yake imekwisha, amana yetu bado.

Wallahu a'lam.