Kirusi cha Mdondo: Kimoja au Vingi?

Mdondo wa kuku, ambao wengine huuita kideri, ulielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1926, katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle huko Uingereza. Kuku aliyeshikwa nao hujikunyata, huharisha kijani, hupinda shingo, na banda zima huweza kwisha kwa siku chache. Ugonjwa ni uleule hadi leo, lakini kirusi kinachouleta hakijaacha kubadilika. Hapo ndipo linapozuka swali la kale la falsafa: kitu kinachogeuka daima hubaki kilekile kwa msingi gani?

Chanzo cha mabadiliko hayo kinajulikana. Vinasaba vya kirusi hiki ni uzi mmoja wa RNA wenye nyukleotidi zipatazo 15,200. Kimeng'enya kinachounakili uzi huo hakisahihishi makosa yake, kwa hiyo nakala hupishana na asili yake hapa na pale. Ndani ya kuku mmoja mgonjwa hamna kirusi cha sura moja, bali kundi la virusi vinavyofanana bila kulingana. Katika miaka ya 1970, mkemia Mjerumani Manfred Eigen alijenga nadharia kwamba kinachochujwa na mazingira ni kundi hilo zima, si nakala mojamoja.

Aristotle alifundisha kwamba kila aina ya kiumbe ina kiini chake, sifa ambazo ikizikosa haiwi aina hiyo tena. Kiini hicho kikitafutwa katika kirusi cha mdondo, hupatikana majibu matatu. Kwa kipimo cha kingamwili, kirusi ni kimoja: chanjo ya LaSota, iliyotokana na kirusi kilichopatikana Marekani mwaka 1946, bado huokoa kuku na vifo, ingawa haiwazuii kabisa kukieneza. Kwa kipimo cha jeni ni vingi: kuna madaraja mawili, na la pili peke yake lina jenotaipu, yaani makundi ya kijeni, zisizopungua 20, na mojawapo, ya tano, imepatikana Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa kipimo cha ukali, kuna vipole na vikali.

Mpaka kati ya upole na ukali nao ni mwembamba. Mwaka 1998 mdondo mkali ulizuka New South Wales, Australia. Uchunguzi wa jeni ulionyesha kwamba kirusi hakikuletwa kutoka ng'ambo, bali kilitokana na kirusi kipole cha humohumo nchini. Katika sehemu ya jeni inayoamua pale protini inayokiingiza kirusi kwenye seli inapokatwa, zilibadilika nyukleotidi mbili tu. Protini hiyo haifanyi kazi mpaka ikatwe: ya kirusi kipole hukatwa na vimeng'enya vya njia ya hewa na utumbo. Ya kirusi kikali hukatwa karibu katika kila seli, na maradhi hutapakaa mwilini. Sifa ambayo mfugaji angeiita kiini, yaani kuua, ilipatikana bila kirusi kuhama nasaba yake.

John Locke alishikilia kwamba mipaka ya aina huchorwa na akili ya binadamu. Uainishaji wa mwaka 2019 unampa haki: jenotaipu hutenganishwa zikitofautiana kwa wastani wa asilimia 10 katika jeni ya protini ileile inayokiingiza kirusi kwenye seli, na kiwango hicho ni makubaliano. Hata hivyo, nasaba yenyewe haikuchorwa na mtu. Kila kirusi kimetokana na kingine, na uhusiano huo ungekuwepo hata kama asingekuwepo wa kuupima. Ndiyo maana mwaka 1991 kamati ya kimataifa ya uainishaji wa virusi iliifasili spishi kwa mfululizo wa kurithiana na mazingira ya pamoja, bila kudai sifa moja ya lazima kwa wote.

Umoja wa kirusi cha mdondo, basi, ni wa nasaba, na migawanyo yake ni zana. Mchanjaji hukihesabu kimoja, mtafiti anayefuatilia mlipuko hukihesabu kwa jenotaipu, na mamlaka ya mifugo hukitangaza kwa ukali wake. Wote wako sahihi kwa kazi zao. Anayekosea ni yule anayekiona kirusi kipole kuwa kitu kingine kabisa kisichohitaji kuangaliwa.