Dawa ya Asili: Nani Mdhamini?



Katika hosteli za dada zetu kuna kitu kimoja kisichokosekana: chupa ya mafuta au kopo la unga lenye picha ya jani na maandishi "ya asili, haina madhara". Anayeumwa na tumbo wakati wa hedhi huambiwa anywe hiyo. Aliyeolewa na hajashika mimba, hiyo hiyo. Mama aliyeko nyumbani, ambaye hedhi imekoma na joto linampanda usiku, atapelekewa hiyo hiyo likizo ikifika. Mimi si tabibu, na swali langu si la kitabibu. Ni la akhlaki: anayesema maneno hayo ametoa ahadi gani, na ikivunjika ataibeba nani?

Tuitazame kwanza ahadi yenyewe. Muuzaji anadai mambo mawili kwa pamoja: kwamba dawa yake ina nguvu ya kuubadilisha mwili, na kwamba haiwezi kuudhuru. Lakini chenye nguvu ya kuubadilisha mwili kinaweza kuubadilisha kupita kiasi, au kwa wakati usiofaa. Na kisichoweza kudhuru kwa kiasi chochote, huenda hakifanyi lolote.

Majirani zetu wa Kongo wanatupa mfano. Katika miaka ya 1960 daktari wa Norwei, Lorents Gran, aliyekuwa huko na Msalaba Mwekundu, aliona wanawake wakinywa chai ya mmea waliouita kalata-kalata ili kuharakisha uchungu wa kujifungua. Alipouchunguza alikuta ndani yake protini ndogo inayokaza misuli ya mji wa mimba, na protini hiyo ikabaki na jina la chai yenyewe, kalata. Kwa hiyo wanawake wale hawakuwa wakijidanganya. Dawa yao ilikuwa dawa kweli. Ndiyo maana inatisha. Kikombe hakina kipimo, na mji wa mimba unaokazwa kwa nguvu huku mtoto amekwama unaweza kupasuka. Hospitalini dawa ya kuongeza uchungu hutiwa kwa matone, mkunga akikaa karibu na kuhesabu. Anayewadharau wanawake wale amekosea, na anayesema chai yao haina madhara amekosea zaidi.

Kwetu Uganda tuna emumbwa, udongo uliochanganywa na mitishamba na kukaushwa, ambao mama mjamzito huusugua kwenye maji akanywa. Siwezi kuifanyia mzaha, kwani wengi wetu tulizaliwa na mama walioinywa. Hata hivyo udongo unaweza kuyashika madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini, na udongo mwingine una madini ya risasi. Mama mwenye upungufu wa damu anakunywa kitu kinachoweza kumpunguzia kile kile anachokikosa, na anakunywa kwa mapenzi ya waliompa.

Atainuka mtu aseme: je, Mtume (s.a.w.) hakuisifu habasoda? Ameisifu, na hadithi ipo katika Bukhari na Muslim. Lakini kuiamini hadithi ni jambo moja na kuiamini lebo ni jambo jingine. Imam al-Khattabi alieleza kwamba tamko lake ni la jumla na makusudio yake ni maradhi mahususi. Idadi ya vijiko kwa mjamzito ameitaja muuzaji, kisha akaweka neno Sunna juu ya maneno yake mwenyewe. Dada anaona haya kuuliza kipimo, asije akaonekana anaitilia shaka dini.

Kuna hadithi nyingine isiyoandikwa kwenye chupa. Imo katika Abu Dawud: anayejitia katika utabibu hali hajulikani kwa utabibu, yeye ndiye mdhamini. Mafaqihi wakajenga juu yake kwamba akidhuru analipa. Nia njema inaweza kumwondolea dhambi ya kukusudia, lakini haimwondolei dhamana. Nadhani hili linatugusa hata sisi tunaosambaza maagizo ya dawa katika makundi ya wasapu, tukiandika mwishoni "shea upate thawabu".

Itasemwa kwamba hospitali nayo si malaika. Kweli kabisa. Msichana anapanga foleni tangu alfajiri, anaulizwa habari za hedhi yake mbele ya watu, muuguzi anamkemea, kisha anayemchunguza ni mwanamume. Muuza mitishamba anamkaribisha kwenye kigoda na kumsikiliza. Mara nyingi, naona, kinachonunuliwa pale ni sitara kuliko mmea: kupata dawa bila kulazimika kusema kinachouma. Na hapo ndipo hatari ilipo. Tangawizi na chupa ya maji ya moto kwa maumivu ya hedhi ni jambo jema, na tangawizi imepimwa ikaonekana inasaidia. Lakini maumivu yanayomkosesha mtu darasa kila mwezi yanataka kuchunguzwa, na damu inayomtoka mama baada ya hedhi kukoma inaweza kuwa dalili ya saratani. Kila mwezi wa kunywa kitu kimya kimya ni mwezi umekwenda.

Fatima bint Abi Hubaysh hakukaa kimya. Alimwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza kuhusu damu yake isiyokatika, naye akambainishia kuwa ile inatoka kwenye mshipa, si hedhi. Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa sababu haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Sisi tumeigeuza haya hiyo hiyo ikawa soko.

Mkunga wa kijijini, yule wa zamani, alikuwa na jambo ambalo chupa haina. Alijulikana kwa jina na kwa nyumba. Alikesha na mzazi, akaona damu inavyotoka, na wakunga wema walijua saa ya kusema "hili limenishinda, leteni machela". Mambo yakiharibika alikutana na familia ile kisimani kesho yake. Aliyeandika "haina madhara" hayupo usiku huo, na nambari yake ya simu, ukiipiga, haipatikani.